Uzi Ukikatika Siku ya Sikukuu

(Mazungumzo na walimu wa kwaya na kaswida, yaliyoandikwa upya na mzungumzaji)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za tangu asubuhi. Bwana asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu wa kaswida mliokubali mwaliko wetu, asalaam aleikum.

Naanza na aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita, asubuhi ya Pasaka, kanisa limefurika mpaka watu wamekaa madirishani, kinanda kikakata sauti katikati ya wimbo wa kuingia. Umeme ulikuwepo, taa zinawaka. Kwa kuwa kwetu mimi ndiye mwalimu na mimi ndiye fundi, nikajipenyeza nyuma ya maspika, bisibisi mdomoni, tochi ya simu mkononi, nikaanza kufuatilia waya mmoja baada ya mwingine. Nilipoinuka, jasho linanitoka, kinanda kimepona, mchungaji alikuwa ameinua mikono anatoa baraka za mwisho. Pasaka nzima ya mwaka ule niliiona kwa mgongo wa spika.

Siku nilipokuja kusoma kwa nini Wayahudi wengi hawapigi ala za muziki katika ibada za sikukuu, nilicheka peke yangu. Marabi, wale walimu wa sheria wa Kiyahudi, walikuwa wameniona mimi na bisibisi yangu miaka zaidi ya elfu moja na mia tano kabla sijazaliwa.

Katika Talmudi, yale maandiko makubwa ya mijadala ya marabi, kuna kitabu kinaitwa Yai. Ndiyo, Yai, kwa sababu kinafungua kwa swali la yai lililotagwa siku ya sikukuu: liliwe au lisiliwe? Mle ndani imo sheria kwamba siku ya sikukuu watu wasipige makofi, wasijipige mapaja, wasicheze. Mtu akisikia hivyo haraka anadhani hawa ni watu wanaochukia furaha. Lakini sababu iliyoandikwa ni fupi na haitaji furaha kabisa. Inasema: asije mtu akatengeneza ala ya muziki. Basi. Hofu yao ilikuwa fundi.

Kwa Wayahudi, Sabato na sikukuu zilizotajwa katika Torati ni siku za kuacha kazi. Siku ya sikukuu unaruhusiwa kupika chakula cha siku hiyo, jambo lisiloruhusiwa Sabato, lakini kutengeneza chombo ni kazi, siku zote mbili. Sasa ukianza kupiga makofi, mwili unachemka, mtu anakwenda kuchukua kinubi chake, uzi umelegea, anaukaza, umekatika, anaufunga, na kabla hajajua yuko kazini. Walizuia makofi ili kuzuia fundo la uzi. Mtaniambia huo ni mzunguko mrefu. Mimi niliyekosa Pasaka nasema si mrefu hata kidogo.

Lakini hekaluni je? Hekaluni, pale Yerusalemu, ala zilipigwa siku hizo hizo za sikukuu, na zilipigwa kwa hesabu. Mishna, ule mkusanyiko wa sheria za mapokeo, inatupa mpaka idadi: Walawi waimbaji wasipungue kumi na wawili, na kuongezeka hakuna mwisho. Vinubi vya aina moja visipungue viwili wala visizidi sita. Vya aina nyingine visipungue tisa. Toazi moja tu. Filimbi ililia mbele ya madhabahu siku kumi na mbili kwa mwaka, zikiwemo siku ya kwanza ya Pasaka, siku ya Shavuot, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Pentekoste, na siku nane za Sikukuu ya Vibanda. Inasemwa muziki ule ulisikika mpaka Yeriko. Yeriko! Na bila spika.

Kuna jambo jingine pale ambalo sisi watu wa vinanda tulisikilize kwa makini. Rabi mmoja anaeleza kwamba ogani, ile ya zamani iliyosukumwa kwa maji, haikuwemo hekaluni, na sababu yake ni kwamba sauti yake ni tamu mno, inavuruga wimbo. Kwa maneno ya kwetu, kinanda kinameza kwaya. Niwaulize walioko nyuma pale: ni wangapi wiki iliyopita walipunguza sauti ya kinanda ili maneno ya zaburi yasikike? Naona mkono mmoja. Haya.

Na uzi ukikatika hekaluni siku ya Sabato? Hapa ndipo penye moyo wa jambo langu. Mishna inasema hekaluni utafungwa, mjini hautafungwa. Uzi ni ule ule, fundo ni lile lile, ila mahali pamebadilika, hukumu nayo imebadilika. Mlawi ndani ya hekalu alikuwa katika utumishi alioagizwa, na utumishi ule haukusimama kwa ajili ya uzi. Mtu aliyeko nyumbani kwake, hata awe mcha Mungu namna gani, anaweza kungoja mpaka jua lizame.

Mwaka 70 Warumi wakalichoma hekalu. Walawi wakabaki hawana ngazi za kusimama. Zilikuwa ngazi kumi na tano, na usiku wa furaha ya Vibanda ndipo waliposimama na vinubi na matoazi yao. Tangu hapo sababu ya pili ikaongezeka juu ya ile ya uzi: msiba. Nyumba yenye msiba haipigi ngoma, hilo halihitaji kufundishwa hapa. Zaburi ya 137 ilikwisha kuonyesha njia, ile ya mateka wa Babeli waliotundika vinubi vyao kwenye miti. Marabi wakawekea muziki wa ala mipaka mingi hata siku za kawaida, na kwa baadhi ya Wayahudi tanga la mwaka 70 halijaanuliwa mpaka leo. Arusi ziliachiwa, kwa sababu kumfurahisha bibi arusi ni amri. Na Wayahudi wa Yemeni, majirani zetu wa ng'ambo ya bahari, waliobana sana jambo la ala, katika sherehe zao walipiga debe la bati na sinia la shaba. Debe si ngoma. Anayetaka kubishana nao na abishane.

Sasa nafika sehemu ninayoipenda. Ala zimenyamaza sinagogi. Ni nini kilichobeba sikukuu?

Sauti. Na simaanishi sauti nzuri. Nasema mahadhi. Kila wakati katika kalenda yao una mahadhi yake ya kusalia. Sala ya jioni ina maneno ambayo kwa sehemu kubwa ni yale yale, lakini siku ya kazi yanaimbwa hivi, Sabato vile, sikukuu za Pasaka, Shavuot na Vibanda kwa namna ya tatu, na siku za kicho, yaani Mwaka Mpya na Siku ya Upatanisho, kwa namna ya nne. Mchukue Myahudi aliyelelewa katika jumuiya hiyo, mfunge kitambaa machoni, mwingize sinagogi. Kabla kiongozi wa sala hajamaliza mstari wa kwanza, atakwambia leo ni siku gani. Hata kusoma Torati kuna mahadhi: asubuhi ya Mwaka Mpya sura inasomwa kwa sauti tofauti na ya Jumamosi ya kawaida.

Kuna siku mbili zinazonigusa mimi mtoto wa mkulima. Siku ya kwanza ya Pasaka wanaomba umande, na mwisho wa Vibanda wanaomba mvua. Katika jumuiya nyingi zenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, kiongozi wa sala anavaa vazi jeupe, lile la Siku ya Upatanisho, na anaiacha sauti ya furaha ya sikukuu, anashika mahadhi ya kicho. Katikati ya sherehe! Kwa sababu mvua si jambo la kuimbia kwa mchezo. Hakuna aliyetangaza kitu. Sauti imebadilika tu, na kila mtu amesimama wima.

Usiku wa kuingia Siku ya Upatanisho wanaimba Kol Nidre, tamko la kufuta nadhiri, mara tatu. Desturi ya kale ni kwamba mara ya kwanza kiongozi anaimba kwa chini, kama mtu anayeingia jumba la mfalme akiwa na hofu; mara ya pili anapandisha kidogo; ya tatu anapandisha zaidi. Hakuna kinanda cha kumpa sauti ya kuanzia, na kwa wanaoshika sheria zote hakuna hata maikrofoni, kwa kuwa umeme nao hauchezewi siku hiyo. Ni koo la mtu mmoja mwenye njaa, maana wamekwisha kuanza kufunga, mfungo wa saa kama ishirini na tano.

Iko ala moja tu iliyoagizwa na Torati kwa ajili ya Mwaka Mpya: shofari, baragumu la pembe. Watu wa Lamu na Pate mnayo siwa, mnajua pembe inavyoweza kumsimamisha mtu nywele. Shofari kwa kawaida ni pembe ya kondoo dume. Ya ng'ombe haifai. Katika jumuiya nyingi inapigwa milio mia moja asubuhi ile. Kuna mlio mmoja mrefu ulionyooka, na kuna milio iliyovunjika, na juu ya hiyo iliyovunjika marabi walibishana: je, ni kama mtu anayepiga kite, au ni kama mtu anayelia kwa kwikwi? Wakaenda kutafuta jibu kwa mama yake Sisera. Mnamkumbuka katika kitabu cha Waamuzi, yule aliyechungulia dirishani akimngoja mwanawe asirudi tena. Sisera alikuwa jemadari wa adui zao! Na ndiye mama wa adui aliyechaguliwa kuwafundisha kilio cha siku yao takatifu. Rabi Abahu wa Kaisaria akaona wasikate shauri, wapige vyote viwili, kite na kwikwi. Mpaka leo wanapiga vyote.

Lakini hata shofari haikuachwa bila kamba. Ikiwa iko juu ya mti, Mishna inasema usipande mti kuifuata siku ya sikukuu. Usipande mnyama, usiogelee mtoni kuifikia. Iliyopasuka ikaungwa kwa gundi haifai. Kuitia maji au divai ndani kunaruhusiwa, lakini kuichonga hapana. Na Mwaka Mpya ukiangukia Sabato, sehemu kubwa ya Wayahudi hawaipigi kabisa, asije mtu akaibeba barabarani kumpelekea anayejua kuipiga. Ile siku iliyoitwa siku ya mlio inapita bila mlio.

Ninyi mnaofundisha watoto ngoma, hebu pia msikie Vibanda. Wakiimba zaburi za sifa, kuanzia ile ya 113 mpaka ya 118, wameshika mkononi kuti bichi la mtende, limefungwa pamoja na vijitawi vya mhadasi na vya mwerebi wa mtoni, na tunda la jamii ya ndimu. Katika maneno fulani ya zaburi wote wanatikisa kwa pamoja. Sinagogi nzima, makuti yanachakacha. Hakuna aliyeita hiyo ala ya muziki, na mimi sisemi ni ala. Nasema sikilizeni.

Kucheza nako kulirudi. Siku ya Simchat Torah, mwisho wa msimu wa Vibanda, wanazunguka na vitabu vya Torati wamevipakata, wanacheza mpaka usiku wa manane, wakati sheria niliyoisoma mwanzo inasema wasicheze. Wanazuoni walilitafutia njia: wengine walisema ni kwa heshima ya Torati, wengine wakasema watu wa siku zetu si mafundi wa kutengeneza ala, hofu ile haipo tena. Fikirini hilo la pili. Ukilishika kwa nguvu linafungua mlango mkubwa, na mlango ulikuja kusukumwa kweli.

Ulisukumwa Ujerumani. Mwaka 1810, katika mji mdogo wa Seesen, Israel Jacobson alifungua nyumba ya sala yenye ogani. Mwaka 1818 likafuata hekalu jipya la Hamburg, ogani tena. Watetezi wakasema: mpigaji akiwa si Myahudi, Sabato ya nani imevunjwa? Na mbona Prague kuna sinagogi yenye ogani tangu zamani? Wapinzani, akiwemo Rabi Moses Sofer wa Pressburg, wakajibu kwa barua zilizochapishwa mwaka 1819. Wa Prague wakasema: ndiyo, ala zipo, tunaikaribisha nazo Sabato Ijumaa jioni, kisha tunaziweka chini kabla haijaingia. Na juu ya uzi na msiba wakaongeza sababu ya tatu: ogani ni sauti ya kanisa. Ukiipiga humu, umeingiza desturi za ibada za wengine.

Ngojeni hapo kidogo. Sauti ya kanisa! Wamisionari walipofika huku kwetu walibeba vinanda vya upepo, wakavikalisha madhabahuni, na ngoma yetu ikaambiwa ibaki nje kwa kuwa ni ya kipagani. Chombo kile kile kilichokuwa kigeni mno kwa sinagogi, kwetu ndicho kilichofanywa kitakatifu. Na Lamu, matari yalipoingia katika maulidi ya Habib Swaleh pale Riyadha, wako waliokunja uso. Hata mabishano yetu ya vikao vya kwaya, mara nyingi mtu akisema "chombo hiki si cha ibada" anamaanisha "chombo hiki si cha kwetu". Ni hoja halali. Ila isemwe kwa jina lake.

Mabishano ya Charleston, South Carolina, yalikwenda mpaka mahakamani. Sinagogi ya Beth Elohim iliungua mwaka 1838. Wakati wa kujenga upya, baadhi wakataka ogani. Kura zikapigwa: 46 wakasema iwepo, 40 wakasema isiwepo. Kura sita, walimu wangu. Ninyi mnajua jumuiya iliyogawanyika kwa kura sita inavyoonekana Jumapili inayofuata. Waliokataa wakajitenga, wakaanzisha jumuiya yao, ugomvi juu ya nani mwenye mali na uongozi ukafika mbele ya majaji, na mwaka 1846 wenye ogani wakashinda. Majaji wenyewe hawakutamani kuamua Mungu anapenda nini. Kisha ikaja vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, ikawamaliza nguvu wote wawili, na mwaka 1866 wakaungana tena. Mwaka huo huo Berlin ikafungua Neue Synagoge yenye viti zaidi ya 3,000 na ogani, kwaya ikiongozwa na Louis Lewandowski, na baadhi ya washika sheria wa Berlin nao wakaenda kuanzisha jumuiya yao.

Leo? Waothodoksi wa Kiyahudi, wale washika sheria, hawapigi ala Sabato wala sikukuu. Warekebishaji, wanaofuata njia ile ya Hamburg, wengi wanapiga, tena gitaa limechukua nafasi ya ogani mahali pengi, hasa tangu nyimbo za Debbie Friedman zilipotoka kwenye kambi za vijana Marekani zikaingia sinagogi. Walio katikati, baadhi wanapiga na baadhi hawapigi. Katika baadhi ya sinagogi usiku wa Upatanisho utaisikia Kol Nidre ikilizwa na chelo; utunzi maarufu wa namna hiyo ni wa Max Bruch, Mprotestanti. Na siku ambazo si za kuacha kazi, kama Hanuka na Purimu, hata Mwothodoksi anaweza kuleta bendi. Israeli, usiku baada ya Simchat Torah kumalizika, wanarudia mizunguko ile mitaani, safari hii na magitaa na ngoma. Wanacheza mara mbili: mara moja kwa sheria ya uzi, mara ya pili uzi ukiwa huru.

Nimalizie karibu na nyumbani. Mlima Elgon mnaujua. Upande wa Uganda, karibu na Mbale, wako Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, walioanza mwaka 1919 na kiongozi wa kivita Semei Kakungulu. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, sinagogi zilifungwa, wengi wakahamia dini nyingine, wachache wakabaki wakisali kwa siri. Mtu anayesali kwa siri hahitaji marabi kumkataza ngoma. Kampala ilianguka mikononi mwa majeshi yetu ya Tanzania na wenzao wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya tarehe ile ndiyo iliyokuwa usiku wa kuingia Pasaka ya Kiyahudi, usiku wa kuimba kutoka utumwani. Baadaye vijana wao waliifufua jumuiya, na muziki ulikuwa mkononi mwao kama jembe: zaburi kwa Kiluganda na Kiebrania, kwa mahadhi ya kwao. Mmoja wao, Gershom Sizomu, mtunzi wa nyimbo, alipata urabi Los Angeles mwaka 2008. Nyimbo zao zilitolewa na Smithsonian Folkways, watoaji wa rekodi za muziki wa Marekani, mwaka 2003 zikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Zitafuteni. Msikilize hasa sauti ya pili ya akina mama. Pale mtajua hawa ni majirani.

Mwaka jana kinanda chetu kilikata tena, siku ya Krismasi. Nilisimama. Bisibisi ilikuwa mfukoni, nikaigusa, nikaiacha. Nikawapa kwaya sauti ya kuanzia kwa mdomo, nikakosea, nikawapandisha mno, soprano wakanitazama vibaya mpaka ubeti wa tatu. Tukaimba hivyo hivyo mpaka mwisho. Kinanda nilikitengeneza Jumanne.

Naambiwa chai imeiva. Maswali tutayajibia huko huko nje, na yule bwana wa ogani aliyenuna tangu katikati ya mazungumzo, njoo ukae na mimi.